Nguo Huishia Wapi?

Marehemu baba yangu, aliyeshona kanzu barazani kwake Ngamiani, mjini Tanga, kwa muda wa miaka arubaini, alikuwa na mazoea ambayo wageni waliyahesabu kuwa ni utovu wa adabu mpaka walipoijua sababu yake: kila aliyepita njiani alimtazama kuanzia miguuni, akapanda polepole hata kufika shingoni, na uso akauacha wa mwisho. Alikuwa akitazama mahali nguo zinapoishia. Kitambaa, alisema, ni kazi ya mfumaji, rangi ni kazi ya mtia rangi, na umbo la mtu ni kazi ya Mola. Sehemu iliyobaki kwa mvaaji na fundi wake ni ncha tu, yaani upindo wa chini, sijafu ya mkono, ukosi wa shingo, na ule mstari ambapo nguo moja inakoma na nyingine inaanza. Nilipokuwa msichana nilidhani hayo ni majivuno ya fundi anayetaka kukuza kazi yake. Leo, baada ya kukaa mbele ya cherehani miaka mingi kuliko ninavyopenda kukiri, naona kwamba alikuwa ameshika siri yote ya umaridadi wa nguo za kila siku.

Barua iliyonikumbusha hayo imetoka kwa mwalimu wa kike wa shule ya msingi ambaye, baada ya kunipa shikamoo na kuniuliza hali kwa urefu unaostahili, ananiarifu kwamba ana nguo tisa za kwendea kazini, nne kati yake za mitumba, na kwamba kila asubuhi husimama mbele ya kabati akajiona kana kwamba hana hata moja. Anataka nimwambie anunue nini. Nitamjibu kabla sijaweka kalamu chini, na jibu langu halitamgharimu zaidi ya uzi na nauli ya kufika kwa fundi. Lakini sharti kwanza tukubaliane juu ya jambo lenyewe, maana ushauri wa mavazi usiokuwa na asili hugeuka kuwa orodha ya dukani.

Mwalimu mkubwa wa somo hili hana kinywa ingawa ana maneno, naye ni kanga. Kila msomaji wangu anaijua: kitambaa cha pamba chenye upana wa kiasi cha mita moja na nusu na kimo cha mita moja na kitu, kilichozungukwa na pindo pande zote nne, chenye mji katikati, na jina lililoandikwa juu kidogo ya pindo la chini. Lakini ni wachache wanaofikiri kwa nini ikawa hivyo. Inasimuliwa kwamba katika nusu ya pili ya karne ya 19 wanawake wa mwambao walinunua leso za mraba, zile ambazo jina lake tulilipata kwa Wareno, zikiwa bado hazijakatwa kutoka kwenye jora, wakachukua vipande sita, wakakata tatu kwa tatu, wakaviunga kwa mshono mmoja, na kupata nguo moja ya kujitanda. Na Mombasa mpaka leo wanaiita leso, si kanga. Kila leso ilikuwa na pindo lake. Wafanyabiashara walipoona mapenzi hayo, wakaagiza nguo nzima iliyokwisha kupigwa chapa yenye pindo moja kubwa la kuizunguka, na miongoni mwao wapo walioacha alama isiyofutika, kama duka la Kaderdina Hajee Essak la Mombasa, lililoanza mwaka 1887, ambalo maneno yake "Mali ya Abdulla" yamesomwa na watu wengi kuliko baadhi ya vitabu vyetu.

Sasa angalia hekima iliyofichwa humo. Kanga hununuliwa doti, vipande viwili vilivyoshikana, wala haivaliki mpaka ikatwe na kupindwa; yaani tendo la kwanza la mwenye kanga, kabla ya kujifunga, ni kuzishughulikia ncha zake. Na akisha kujifunga, sisi tunaomtazama hatumpimi kwa uzuri wa mji, ambao ni sawasawa na wa jirani yake aliyenunua siku ile ile dukani pale pale. Twampima kwa pindo: je, la chini limekaa sawa kuzunguka miguu yote miwili, au limeinama upande mmoja mithili ya jahazi lililopakiwa vibaya? Je, lile la kusimama limeshuka wima, au limekwenda mshazari? Wanawake wawili wenye doti moja, waliogawana kipande kwa kipande, wanaweza kutoka nyumba moja, mmoja akaonekana bibi harusi na mwingine akaonekana ametoka kuota moto jikoni, na tofauti yao yote isizidi upana wa vidole vitatu.

Wala jambo hili halikuwa la urembo mtupu. Kabla ya kanga kuenea, nguo ya wanyonge wa mwambao ilikuwa merikani, ile pamba isiyotiwa rangi ambayo mabaharia wa Salem, Massachusetts, waliileta Unguja kwa wingi tangu miaka ya 1830, na kaniki, ambayo ni nguo kama hiyo iliyochovywa katika nili mpaka ikawa karibu na weusi. Zote mbili hazikuwa na pindo. Zilikatwa zilipokatwa, zikaishia zilipoishia. Sheria ya Unguja ya mwaka 1897 ilipoufuta utumwa, wengi miongoni mwa wanawake waliopata uhuru wao waliiacha kaniki wakaishika kanga, na wanahistoria wameeleza kwa kirefu maana ya badiliko lile katika heshima na uraia. Mimi, ambaye si mwanahistoria, huongeza kwa jicho la fundi tu kwamba watu wale walitoka katika nguo isiyokuwa na mipaka wakaingia katika nguo yenye mipaka minne, na kwamba kisutu, kanga ile kongwe ya arusi yenye wekundu, weusi na weupe, isiyohitaji hata jina, ina pindo zito ambalo halikubali kupuuzwa.

Kwa sababu hiyo nahuzunika nionapo kanga imekatwa gauni na fundi aliyeichukulia kuwa ni kitambaa kama kitambaa kingine. Pindo, ambalo lilikusudiwa kukaa ukingoni, hulazwa katikati ya tumbo au likapita juu ya makalio, na nusu ya jina ikabaki kwapani ambako hapana msomaji. Kitenge chavumilia mkasi wa namna hiyo, kwa kuwa kitenge hakina mji wala pindo la kukizunguka. Ni ua linalojirudia kutoka mwanzo wa jora hata mwisho wake, na ncha zake hupewa na fundi. Kanga imekuja na ncha zake. Atakayeikata na ahesabu kwanza mapindo manne, aamue lipi litakuwa upindo wa chini, lipi litakuwa mikono, na lipi litazunguka shingo, kisha ndipo aguse mkasi. Nguo itakayotoka hapo, hata ikiwa ya kitambaa cha bei rahisi kabisa, itaonekana kana kwamba ilizaliwa vile.

Wanaume wasidhani wamesahauliwa. Katika picha za zamani za miji yetu ya pwani, mavazi yanayonivutia kuliko yote ni ya mwanamume aliyevaa kanzu nyeupe, koti la Kizungu juu yake, kofia ya viua kichwani na makubadhi miguuni. Kwa akili ya vitabuni, mchanganyiko huo ungekuwa kichekesho: libasi ya Kiarabu, koti la mtu wa baridi, na jua la saa sita. Lakini ulikubali, na ukakubali kwa sababu ambayo fundi yeyote aweza kuionyesha kwa futi yake. Kanzu ni ya rangi moja kutoka shingoni hata miguuni, hivyo koti likipita juu yake huwa ndiyo nguo pekee inayokata mwili. Na linaukata karibu na theluthi, mafungu mawili ya weupe yakabaki chini. Jicho hupenda mgawanyo huo. Jicho huchoshwa na mwili uliokatwa nusu kwa nusu, kama mkate ulioamuliwa baina ya watoto wawili wagomvi. Fauka ya hayo, mkono wa kanzu ulichungulia kidogo chini ya mkono wa koti, na upindo wa chini ukakaa juu ya kifundo cha mguu. Badani, taharizi, kikwapa, kaba, sijafu: baba alinifundisha majina hayo kabla hajaniruhusu kugusa uzi, na nusu ya majina hayo ni majina ya mahali nguo inapogeuka au kukoma.

Ningependa kusema kwamba sisi mafundi ndio pekee tunaoshughulishwa na mambo haya, lakini haingekuwa kweli, kwa maana hata dola iliwahi kuingia katika ugomvi wa upindo. Mnamo Oktoba 1968 Umoja wa Vijana wa TANU ulipitisha azimio la kupiga marufuku sketi fupi, suruali za kubana, mawigi na vipodozi vya kuchubua ngozi, na utekelezaji wake ukaanza tarehe 1 Januari 1969 kwa jina la Operesheni Vijana. Siingii katika siasa yake, ingawa nina maoni, na wasichana waliovurugiwa nywele na nguo vituoni walikuwa na maoni makali zaidi. Nalitaja kwa sababu linaonyesha kwamba watu hawakugombania kitambaa wala rangi wala chapa. Waligombania vidole vinne vya nguo juu ya goti.

Na sasa mitumba, ambayo imevisha nchi zetu kuliko kiwanda chochote. Wazee waliiita kafa Ulaya, na jina hilo limebeba kejeli iliyokwisha kupoa. Atakayekwenda Karume ya Dar es Salaam, Gikomba ya Nairobi au Kongowea ya Mombasa robota linapofunguliwa atakuta vitambaa ambavyo havishonwi tena kwa bei tunayoimudu: sufu halisi, kitani, pamba nzito iliyofumwa kwa subira. Dhambi ya mitumba haimo katika kitambaa. Imo katika ukweli kwamba kila nguo ilikatwa kwa mwili wa mtu mwingine, na kwa hiyo imeishia mahali pa mtu mwingine. Mnunuzi wa kawaida hutazama rangi, kisha chapa, kisha bei. Mimi huipindua nguo ndani nje. Hutazama kwanza upindo, nipate kujua ni vidole vingapi vya kitambaa vimelala ndani yake, maana hivyo ndivyo akiba yangu, kisha mishono ya ubavuni, iwapo fundi wake aliacha nyama ya kutosha ya kufungulia, mwisho mabega. Suruali ndefu hupunguzwa kwa saa moja. Kiuno kipana huingizwa. Mkono mrefu hufupishwa, ikiwa hauna vifungo vya kweli mwishoni. Lakini bega lililotelemka likavuka mfupa wa bega la mvaaji ni maradhi ambayo dawa yake ni ghali kuliko mgonjwa, kwani sharti mkono wote ung'olewe, tundu lake likatwe upya, na ukosi mara nyingine uguswe. Koti la mitumba lisilokaa begani liache pale pale hata kama muuzaji amelipunguza mpaka bei ya chai. Mwenyezi Mungu anisamehe, nimewahi kuyachukua matatu ya namna hiyo kwa kuhadaika na sufu yake, na yote matatu yamekuwa mito ya viti.

Mtu ataniuliza: mipaka hiyo ikae wapi? Mwili wenyewe hutoa jibu. Nguo hupendeza ikikoma mahali mwili unaponyauka, na huchukiza ikikoma mahali unaponenepa, kwa kuwa upindo ni mstari, na mstari huvuta macho na kupanua kila ulipopita. Mguu huwa mwembamba chini kidogo ya goti, halafu tena juu ya kifundo. Baina yake pana shavu la mguu, na sketi inayokatika hapo katikati humpa hata msichana mwembamba miguu ya mpagazi. Mkono huwa mwembamba kwenye kiwiko cha chini, pale penye mfupa wa saa. Na anayekunja mikono ya shati na akunje kwa upana wa sijafu yenyewe, mara mbili au tatu, akome kabla ya kisugudi, asifanye kitambi cha nguo juu yake. Shati litakaloachwa nje lishonwe chini mstari ulionyooka. Lile lenye mkia wa duara mbele na nyuma lilikatwa kwa kuchomekwa, na kuliacha likining'inia ni kutoka nje na nguo ambayo nusu yake ilitakiwa kuwa ndani ya suruali.

Kuhusu rangi sitasema mengi, kwani rangi imesemwa mpaka imechakaa. Mwenye nguo ya maua au ya mistari na achague ndani yake rangi moja iliyo kidogo kuliko zote, ndiyo aifanye ya sketi, suruali au mtandio. Kanga nyingi nzuri zimefuata kanuni hiyo katika pindo na mji. Nguo yenye rangi ya damu ya mzee ni rafiki wa nguo nyingi kuliko nyeusi. Weusi unasifiwa kila siku na watu wanaokaa nchi za mawingu; hapa kwetu, jua na jasho la chumvi huugeuza katika misimu miwili ukawa rangi ya sufuria iliyoungua, na hakuna kulinganisha kwema na rangi hiyo. Nguo za rangi zigeuzwe ndani nje na zianikwe kivulini. Pasi ipigwe, hasa ncha: ukosi, sijafu, upindo, njia ya vifungo. Aliyechelewa akapiga hizo tu, akaliacha tumbo la shati kama lilivyo, atapita mbele ya mkuu wa shule salama.

Basi nirudi kwa mwalimu wangu na nguo zake tisa. Ameniorodheshea: blauzi nne, sketi mbili, moja nyembamba na moja ya marinda, suruali moja, gauni moja na koti moja. Magazeti hupenda hesabu katika mahali kama hapa, na hesabu yao ni hii: blauzi nne kwa nguo tatu za chini ni namna kumi na mbili, kila moja yaweza kuvaliwa na koti au bila koti, zikawa ishirini na nne, na gauni nalo namna mbili, jumla 26. Hesabu ni sahihi na mavazi si sahihi. Kwa vipimo alivyoniandikia, koti lake linakoma nyongani, na blauzi mbili kati ya nne, zote za kuacha nje, zinalipita koti hilo kwa vidole vinne. Kwa hiyo zikivaliwa pamoja nalo zinachungulia chini yake kama shimizi, na hapo zimekufa namna sita. Blauzi hizo hizo zikivaliwa bila koti juu ya sketi ya marinda huyafunika marinda yanapoanza kufunguka, mwili ukawa mzigo uliofungwa vibaya, zimekufa mbili. Gauni lina mikono ya kupuliza ambayo haiingii ndani ya mkono wa koti, imekufa moja. Zimebaki 17, na Mwalimu, kwa kuwa hakujua zipi ni hai na zipi zimekufa, amekuwa akizijaribu zote kila asubuhi saa kumi na moja na nusu.

Asinunue chochote. Achukue ile blauzi ndefu ya rangi ya maziwa, ampelekee fundi aipunguze vidole vinne na kuipinda upya kwa mstari ulionyooka, ikome ndani ya koti. Nyingine ndefu, ile ya buluu, aiache ilivyo, iwe mali ya suruali na sketi nyembamba. Kwa mkasi huo mmoja amefufua namna nne. Anazo 21, na wiki nne za kazi zina siku 20.

Limebaki jambo la sketi ya marinda, ambayo anasema haipendi na haijui kwa nini. Nimeona urefu wake katika barua: inakoma katikati ya shavu la mguu. Kwa bahati njema anasema pia upindo wake ni mpana, vidole vitatu vizima, na huo ukifunguliwa sketi itatelemka hata mguu unapoanza kuwa mwembamba. Ataona mahali pa zamani pa kukunjwa pana mstari uliokoza, kwa sababu kitambaa kilichofichwa hakikupata jua pamoja na kingine, na mstari huo hautoki kwa sabuni wala kwa pasi. Asihangaike nao. Ameniambia katika mistari ya mwisho, kwa jambo lingine kabisa, kwamba amerithi kisutu cha mama yake, kimechanika mji pale palipokaliwa miaka yote lakini pindo lake bado zima. Akate ukanda wa pindo hilo upana wa vidole viwili, autie maji kwanza unywee, aulaze juu ya mstari kuzunguka sketi nzima, na aushone kwa mkono kwa uzi mwekundu, akianzia kwenye mshono wa ubavu wa kushoto, ambako maungio hayataonekana.